Nilivyoipima amplifaya yangu kwa kitaa cha mita ya Yaka

Hapa Busia, upande wa Uganda, tumepanga mizigo (vyumba vya kupangisha) ya Hajati, wapangaji wote tunachangia Yaka moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Yuniti zikiisha mapema, macho yote mlangoni kwangu. Kisa ni muziki: nina woofa na amplifaya ya zamani. Kwenye woofa yangu pameandikwa wati 5000 PMPO, na Hajati alishapiga hesabu zake: "Mwanangu, wewe peke yako unakula umeme wa kiwanda." Nikamwonyesha fyuzi ya plagi. Ni ya ampea 13, na kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120. Ingekuwa inavuta elfu tano, fyuzi isingefika jioni. PMPO ni namba ya kuuzia tu. Akaguna, akaenda zake.

Fundi wa redio naye alinishauri kinyume kabisa: amplifaya iache ikiwaka usiku na mchana, kuwasha na kuzima ndiko kunakoiua, tena usipopiga muziki haili kitu. Haili kitu! Paka wa jirani halali popote ila juu yake. Joto lile linatoka wapi kama si kwenye Yaka?

Nikaamua kupima mwenyewe. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachokonyeza, na yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani kikikonyeza mara 1000 yuniti moja imekwenda. Chukua 3,600, gawanya kwa sekunde zinazopita kati ya mkonyezo mmoja na mwingine, unapata wati. (Mita ya 1600, badala ya 3,600 chukua 2,250.)

Mara ya kwanza ilikuwa vichekesho. Niliwaomba wote wazime kila kitu, wakaapa wamezima. Amplifaya yangu nayo nimeichomoa kabisa. Nafika kwenye mita, kitaa kinakonyeza kila sekunde mbili na ushee! Hizo ni wati zaidi ya elfu moja, na nyumba nzima giza. Hajati akasema mita imerogwa. Nikapita mlango kwa mlango nikinusa, mpaka chumba cha mwisho: ndugu yetu mmoja, mpole kuliko wote, yule anayelalamika zaidi siku ya kuchanga, ameficha koili ndani ya ndoo ya maji ya kuoga, na juu ameweka taulo. Sikusema neno. Hajati alisema yote.

Siku nyingine, koili ikiwa mikononi mwa Hajati, nikarudia. Amplifaya peke yake, kimya, hata spika hazijaunganishwa: sekunde 90, yaani wati 40. Nikaunganisha spika, nikapiga muziki kwa sauti ya kawaida, sekunde zikapungua kidogo tu. Hapo ndipo penye siri: hizi amplifaya za zamani zenye transfoma nzito hula karibu sawa zikiimba kwa sauti ya kadiri au zikinyamaza. Woofa ikiwa "imelala" ilikonyeza baada ya kama dakika tano, wati 12 hivi. Chaja ya simu nilichoka kuisubiri.

Wati 40 usiku na mchana ni karibu yuniti 29 kwa mwezi. Wakati huo yuniti 15 za kwanza ndizo zilizokuwa za shilingi 250, zilizofuata mia saba na kitu, na kwenye mita ya kuchanga zile za bei nafuu ziliisha kabla hujajua. Basi elfu ishirini zilikuwa zinampashia paka joto.

Sasa kila kitu kiko kwenye ekstensheni yenye swichi. Amplifaya naiwasha mwisho na kuizima kwanza, la sivyo spika zinapiga "dup!" la kumwamsha mtoto. Tena umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, unakuta nimeshazima. Amplifaya iko palepale, nzima, fundi ananiangalia tu.

Hajati amepunguza mchango wangu na kuupandisha wa chumba cha mwisho. Siku hizi akishuku friji ya mtu hunituma mimi na simu yangu kwenye mita. Nalipwa soda, na lazima iwe baridi.