Mbaazi: nafasi, maua, na kuchuna gome

Mbaazi za muda mrefu, yaani zinazochelewa kukomaa, nazipanda pamoja na mahindi, siku ileile, udongo ukishalowa vizuri. Mahindi yanakaa mistari ya sentimita 75. Mstari wa mbaazi naupitisha kila baada ya mistari miwili ya mahindi, kwa hiyo kati ya mbaazi na mbaazi kuna sentimita 150, na shimo hadi shimo 50. Mbegu 3 kwa shimo, kina sentimita 3 hadi 5, kisha wiki ya tatu napunguza ibaki miche 2. Aina za muda mfupi hazitaki uwanja wote huo. Sentimita 50 kati ya mistari na 20 kati ya mashimo zinatosha.

Miezi miwili ya mwanzo mmea hauendi, nguvu zote ziko mzizini. Ndiyo maana hausumbui mahindi, na ndiyo maana magugu huumeza usipopalilia mara mbili. Majani yakishafunika ardhi, mbaazi inajipalilia yenyewe. Mbolea ya kukuzia siweki, maana huleta majani tu. Badala yake nang'oa mche mmoja na kupasua kinundu cha mzizi kwa ukucha: ndani kukiwa na rangi ya waridi, naitrojeni inatengenezwa.

Aina za muda mrefu huchanua siku zikifupika. Ukichelewa kupanda hazikusubiri, zinachanua zikiwa fupi. Hapo dawa ni kubananisha mistari tangu mwanzo.

Maua ya manjano yakimwagika chini, usikimbilie bomba la dawa. Mengi huanguka tu, ndivyo mbaazi ilivyo. Cha kutazama ni tundu la mviringo kwenye ganda, la funza wa vitumba, au maua na majani yaliyofungwa pamoja kwa utando, ndani kuna kiwavi. Kagua tangu machipukizi ya maua. Funza akishaingia ndani ya ganda dawa haimfikii. Na ukipuliza, puliza jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

Kinachowapotosha wengi ni mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu. Mmea unalegea udongo ukiwa na unyevu, mwenye shamba anadhani ni jua. Chuna gome chini ya shina kwa kisu: ukiona michirizi ya kahawia au nyeusi kwenye mti ulio chini ya gome, mara nyingine na mkanda wa zambarau unaopanda kwa nje, ni fuzari. Hakuna dawa ya kuuponya. Ng'oa, choma, na usirudishe mbaazi hapo kwa misimu kadhaa, kwani kuvu hubaki udongoni. Mbegu ya shamba hilo usiipande pia. Safari nyingine tafuta aina inayostahimili.

Uvunaji usiucheleweshe. Fukusi hutaga mayai juu ya maganda yakiwa bado shambani, na wewe ndiye unayewabeba hadi ghalani. Kausha mpaka punje ipasuke kwa meno badala ya kubonyea, kisha funga kwenye mfuko usiopitisha hewa, ujaze hadi juu.