Uzoefu wangu: kufundisha Kiingereza cha kidato cha kwanza kwa kupitia sarufi ya Kiswahili

Mtoto aliyemaliza darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania amefundishwa kwa Kiswahili miaka yote 7, Kiingereza akikipata kama somo tu. Akifika kidato cha kwanza anakuta bayolojia, jiografia na hisabati ziko kwa Kiingereza. Walimu wengi huanza kwa kumwaga nyakati 12 ubaoni. Mimi naanza na sarufi ya Kiswahili ambayo mtoto tayari anayo kichwani, kwa sababu makosa yake mengi yanatoka humo, na dawa yake imo humo humo.

Mwanzoni mwa muhula kila mmoja anaandika nusu ukurasa kuhusu familia yake. Sisahihishi. Nayapanga makosa kwa aina, na kila mwaka yanajirudia. "My father he work at Morogoro": huyo "he" ni a- ya "baba yangu anafanya kazi". "The book which I bought it" ni "kitabu nilichokinunua", -cho- na -ki- zote zimehama. "Before I have not eaten" ni "kabla sijala", neno kwa neno. Hapo hakuna uvivu wala ubutu wa akili. Naandika sentensi ya Kiswahili ubaoni, viambishi vimetenganishwa kwa mistari, ya Kiingereza chini yake, kisha darasa linafuta kile ambacho Kiingereza hakikihitaji. Kiambishi -me- kina kundi lake la pembeni: amevaa, amekaa, amesimama, amelala. Hayo mtoto huyaandika "he has worn", "he has sat", ilhali anachotaka kusema ni "he is wearing", "he is sitting". Yafundishwe kwa pamoja, maana ni machache.

Kosa gumu kuliko yote ni "he did not went". Sheria ya kitabuni haisaidii sana. Kinachosaidia ni kuuliza: "Alisoma", ukikanusha unasemaje? Wanajibu "hakusoma". Ile -li- imekwenda wapi? Imeondoka, -ku- imekalia nafasi yake, na kitenzi "soma" kimebaki vilevile. Basi Kiingereza nacho kinabeba alama ya wakati mara moja tu. "Did" ikishaingia, alama imo ndani yake, "went" inarudi kuwa "go". Kanuni hiyo hiyo inatibu "he does not goes" na "does she likes?", kwa sababu ile -s imeshahamia kwenye "does". Wanafunzi wanapiga mstari chini ya kila alama, wanahesabu. Zikiwa mbili, moja ifutwe. Kwa hiyo nafundisha sentensi za kukubali, kukanusha na kuuliza katika wiki moja. Ukizitenganisha kwa mwezi, mtoto anaona ni sheria tatu.

Wakati wa kusahihisha nachagua aina moja ya kosa kwa zoezi moja, nyingine naziacha. Daftari lililojaa wino mwekundu halisomwi. Na kile kibao cha shingoni anachovishwa aliyeongea Kiswahili kinafundisha kitu kimoja tu: kunyamaza.

Msamiati nauanzia kwenye karatasi za mitihani, si kwenye orodha za matunda na wanyama. Maneno ya kwanza ni yale ya kuamrisha: state, mention, outline, describe, explain, differentiate. Mwanafunzi anaweza kuijua jiografia vizuri na bado akakosa alama kwa sababu swali lilisema "explain" naye akataja tu. Tunayafanyia mazoezi kwa mambo wanayoyajua, kama mpira au kilimo cha mahindi: "mention" inatosheka na jina la kitu, "explain" haikamiliki bila sababu, "differentiate" lazima iguse pande zote mbili katika sentensi moja.

Baada ya hapo, maneno 6 kwa kipindi, si zaidi. Kila neno linapata robo ukurasa: sentensi lilimotoka, sentensi ya mwanafunzi mwenyewe, na jamaa zake. Jamaa hawawatishi, kwani anayejua zalisha, mzalishaji na uzalishaji anaelewa upesi produce, producer na production. Ubao ukishafutwa, nayauliza kesho yake, kisha siku ya tatu, kisha baada ya wiki. Orodha ya maneno 30 yenye maana moja moja ya Kiswahili inaharibu zaidi ya inavyosaidia. "State" ni hali kwenye fizikia, dola kwenye uraia, na "taja" kwenye swali la mtihani. Aliyekariri maana moja atakwama mara mbili.

Ufahamu ndipo wengi wanapozama, hata wenye msamiati mzuri. Kifungu kiwe na maneno 120 hadi 150. Yakizidi 5 yasiyojulikana katika kila 100, nabadilisha kifungu. Maswali yanasomwa kwanza, sentensi zinapewa namba, halafu inakuja kazi ya "it" na "they".

Kiswahili kina ngeli, na ngeli inamshika msomaji mkono. Ukisikia "vimeoza" hutafikiria watu. Kiingereza kinasema "they" kwa watu, viazi na ndoo sawasawa. Naandika: "The farmers put the potatoes in the buckets, but they were tired." Kisha nabadilisha mwisho tu: "but they were rotten", "but they were leaking". Mwanafunzi anaandika juu ya kila "they" kiambishi ambacho angekitumia: wa-, vi-, zi-. Akiweka vi- juu ya "leaking", najua hajui maana ya "leaking". Akiweka wa- kila mahali, hasomi sentensi nzima. Kwa herufi mbili nimeshajua tatizo liko wapi, bila kumuuliza maswali kumi.

Katika kujibu, swali la "why" tunalianzia na "because", na jibu lisizidi sentensi moja. Anayenakili mistari mitatu kutoka kwenye kifungu kwa kawaida hajalipata jibu, anatumaini limo humo. Ufupisho nauchelewesha hadi muhula wa pili. Kufikia hapo viambishi vya penseli juu ya "it" na "they" vinaandikwa pale tu mtu anapokwama, na wenye mwendo wa haraka wameshaviacha wenyewe.