Leja ya Watu: Jumanne Moja ya Kutafuta Kazi Nikiwa na Miaka 43

Saa 11 alfajiri

Mwili wangu bado unaamka kwa saa ya ofisi. Kwa miaka 11 nilikuwa afisa ununuzi na ugavi katika mradi mmoja wa afya hapa Dar es Salaam, na gari la kazini lilikuwa likinipitia Kimara saa 12 kasorobo ili tuiwahi foleni ya Ubungo. Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Marekani ilitangaza kusitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na miradi mingi iliyotegemea fedha hizo ikasimama kabla hata siku hizo hazijatimia. Mwishoni mwa Februari nami nilikabidhi funguo za bohari, kompyuta mpakato na kitambulisho. Jumanne ninayoisimulia hapa ni ya mwezi wa Agosti.

Saa hii ya alfajiri ni yangu ya kuandika, kabla watoto hawajaamka na kudai chai na sare za shule. Nina kaunta buku ambalo nimelipiga mistari kama leja ya bohari: tarehe, jina, kilichoingia, kilichotoka, salio. Yeyote aliyewahi kufanya kazi stoo anaijua leja hiyo. Kilichoingia ni kile alichonipa mtu, iwe ni taarifa ya tangazo, nusu saa ya mazungumzo au namba ya simu ya mtu mwingine anayefaa kuonwa. Kilichotoka ni kile nilichompa mimi. Nilipoanza kuijaza mwezi Machi nilikumbana na jambo lililoniumiza, kwamba safu ya kilichotoka ilikuwa karibu tupu. Kwa miaka yote ile watu walinitumia ujumbe wa "Dada, naomba koneksheni," nami nikawajibu "Nitakujulisha," na sikuwajulisha. Sikuwa na ubaya nao. Nilikuwa na shughuli nyingi, na nilidhani koneksheni ni upendeleo ambao mtu mwaminifu hapaswi kujihusisha nao. Sasa naona kwamba nilichanganya mambo mawili. Kumpenyeza mtu asiyestahili ni dhuluma kwa anayestahili, lakini kumwambia mwajiri ukweli wa kazi uliyoiona kwa macho yako ni ushahidi, na ushahidi huo niliwanyima watu wengi waliostahili kuupata.

Saa 2 asubuhi

Watoto wakishaondoka na baba yao, ambaye ni mwalimu wa sekondari na kwa sasa ndiye aliyeibeba nyumba, ninakaa mezani na kusoma matangazo. Ninaanza na Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa sababu moja ambayo wenzangu wadogo hawana haja ya kuiwaza: matangazo yake humtaka mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kazini serikalini. Kwangu mlango huo umebakiza miaka miwili. Kisha ninapitia TaESA, Wakala wa Huduma za Ajira, na mwisho ninafungua makundi ya WhatsApp.

Makundi haya yanahitaji macho makavu. Asubuhi hiyo palikuwa na tangazo la kampuni ya usafirishaji lenye mshahara mnono, lisilotaja ofisi wala anwani, likimtaka mwombaji atume shilingi 30,000 za "fomu na vipimo vya afya." Mwajiri wa kweli hamtozi mtu pesa ili amwajiri. Niliandika hivyo kundini, na dakika chache baadaye dada mmoja akanijibu pembeni kwamba alikuwa ameshatuma usiku uliopita. Nilimshauri awapigie mara moja watu wa mtandao wake wa simu na atoe taarifa polisi. Nilikaa kwa muda nimeishika simu mkononi, kwa sababu najua 30,000 ya mtu asiye na mshahara ina uzito gani.

Muda uliobaki niliutumia kwa tangazo moja tu, la meneja wa ugavi katika kiwanda cha vinywaji. Wasifu wangu ulikuwa na sentensi hii: "Kusimamia shughuli zote za ununuzi na ugavi." Angeweza kuiandika afisa ugavi yeyote nchini. Nikaiandika upya: "Nilipeleka vitendanishi na rejesta katika vituo 64 vya afya vya mikoa 2 kila robo mwaka, na katika miaka 3 ya mwisho hakuna kituo kilichoishiwa vitendanishi kwa zaidi ya siku 5." Ilinichukua saa nzima, kwa kuwa ilinibidi nimpigie mwenzangu wa zamani tuhakiki hesabu hizo pamoja, maana sitaki kuandika namba nitakayoshindwa kuitetea mbele ya jopo la usaili.

Saa 4 na nusu

Ndani ya basi la mwendokasi kwenda kituo cha Gerezani, Kariakoo, nilipiga hesabu za nyumba. NSSF inanilipa fao la kukosa ajira, ambalo kwa mwanachama mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na kwangu yamebaki malipo mawili. Aliyeacha kazi kwa hiari yake halipwi fao hili, kwa hiyo barua ya kupunguzwa kazini inapaswa kueleza sababu waziwazi. Kiinua mgongo kilikwisha zamani: sheria ya ajira inampa aliyepunguzwa malipo ya siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliotimiza, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10, hivyo mwaka wangu wa 11 haukuingia. Ninayataja haya kwa sababu niliwaona wenzangu wakisaini makaratasi bila kuyasoma, huku machozi yakiwalengalenga. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na siku 30 za mtu aliyeduwaa hupita upesi mno.

Saa 5 asubuhi, Kariakoo

Niliyekwenda kumwona ni mzee mmoja mfanyabiashara wa uchapaji na vifaa vya ofisi, ambaye aliwahi kuuuzia mradi wetu bidhaa. Nilisita wiki mbili kabla ya kumpigia simu. Miaka ile mimi ndiye niliyekaa upande wa kusaini, na mwaka 2021 nilimrudishia katoni 40 za rejesta za kliniki kwa sababu karatasi zake zilikuwa za gramu 60 wakati mkataba ulisema gramu 80. Alinisihi, akasema hakuna nesi atakayeiona tofauti. Nilichukua kalamu ya wino nikaandika mistari mitatu kwenye ukurasa mmoja, nikaugeuza, na wino ukawa umejitokeza upande wa pili, mahali ambapo lingeandikwa jina la mgonjwa mwingine. Aliutazama ukurasa ule kwa muda mrefu, kisha akaondoa mzigo wake na kuchapa upya kwa gharama zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu uketi. Nilisikia mradi umefungwa tangu mwanzo wa mwaka. Mbona ulituficha?"

Sikuwa na jibu zuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu, na aibu hiyo ilinipotezea miezi miwili mizima ambayo watu walionifahamu walidhani bado niko kazini. Nilimweleza hivyo, kisha nikamwambia kwamba sikuja kumwomba kazi, bali nilitaka kumuuliza yeye aliyeko sokoni kila siku, mtu mwenye ujuzi kama wangu anahitajika wapi.

Hakujibu. Alifungua mtoto wa meza akatoa makabrasha mawili ya zabuni za taasisi za umma ambazo kampuni yake ilikuwa imezikosa. Tangu NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, ulipoanza kutumika mwaka 2023, zabuni za umma zinapita humo, na kwake kazi ya kujaza alikuwa amemwachia kijana wake. Mimi nilipokuwa kazini nilifuata taratibu za wafadhili, kwa hiyo NeST sikuifahamu. Nimejifunza tangu Aprili kwa kusoma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za mwaka 2024, nikiandika maelezo pembeni kama mwanafunzi. Tuliyasoma makabrasha yale kwa karibu saa nzima. La kwanza lilikuwa na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba ya kampuni, na aliyetoa mamlaka hayo ni yuleyule kijana aliyepewa, wakati yalipaswa kutolewa na mkurugenzi. Katika la pili waliombwa uthibitisho wa kazi kama hiyo waliyokwisha kuikamilisha, nao wakaambatisha barua ya kushinda zabuni, ambayo inathibitisha tu kwamba kazi ilianza.

Mzee alivua miwani. "Bei yangu ilikuwa ya chini, mama. Nilidhani wamenionea." Akanyamaza, kisha akauliza: "Ukiwa unanisomea kila zabuni kabla hatujaituma, utanitoza shilingi ngapi?"

Nimewahi kujadili bei za mikataba ya mamia ya mamilioni bila sauti kutetemeka, lakini fedha zile zilikuwa za watu wengine. Bei ya kazi yangu mwenyewe nilikuwa sijawahi kuitamka, kwani kila mwezi ilikuwa ikija benki imeshaandikwa. Nilimwahidi kumtumia kwa maandishi kabla ya usiku kuingia. Wakati naondoka alinisindikiza hadi ngazini na kusema kwamba anaponikumbuka huwa anakumbuka ule ukurasa wa wino, na kwamba katika miaka yote ile mimi ni mnunuzi ambaye yeye hakuwahi kumfungia bahasha ya rushwa.

Saa 9 alasiri

Nilikula wali maharage kwa mama ntilie, nikarudi nyumbani. Ujumbe wa kijana aliyekuwa karani wa takwimu katika mradi wetu ulikuwa umenisubiri tangu Ijumaa: "Dada, naomba uwe mdhamini wangu." Nilikuwa nimemjibu "Sawa," jibu la miaka yangu ya zamani. Safari hii nilimpigia, nikamwomba anitumie tangazo lenyewe, nikalisoma kabla ya kuandika chochote. Mwajiri alitaka mtu makini katika kuhakiki taarifa. Basi niliacha kuandika kwamba kijana huyu ni mchapakazi na mwadilifu, maneno ambayo kila mdhamini huyaandika, na badala yake nikasimulia jinsi alivyogundua kwamba kituo kimoja kimeripoti vipimo vilivyotumika vingi kuliko vilivyopokelewa, jinsi alivyofunga safari kwenda kukagua wakati wengine walishaanza kunong'ona kuhusu wizi, na jinsi alivyokuta ukurasa mmoja wa rejesta umehesabiwa mara mbili. Nesi wa kituo hicho hakuguswa na lawama. Nilipomsomea kijana barua hiyo kwenye simu alikaa kimya, kisha akasema alidhani nilikwisha kusahau kisa kile.

Saa 11 jioni

Kikoba chetu hukutana Jumanne. Kwa miezi miwili ya mwanzo nilinunua hisa tano kila wiki kama zamani ili wenzangu wasishuku, nikizilipia kwa akiba. Siku niliyowaambia ukweli ndipo nilipotambua kwamba wanawake niliokaa nao miaka saba hawakujua kazi yangu ni ipi, walijua tu kuwa "yuko mradi." Niliwaeleza kwa maneno yao: ninajua kununua bidhaa nyingi kwa bei ya haki, kuzitunza zisiharibike na kuzifikisha kwa wakati. Jumanne hii mwenzetu mmoja anayelisha shule mbili za bweni alinisogelea wakati wa kufunga sanduku, akaniuliza kama ninaweza kukaa naye tuangalie kwa nini mchele wake unapungua kila mwezi. Tutakaa Alhamisi. Kwake sitoi bei, kwa maana aliniletea unga mwezi Mei bila kuulizwa.

Saa 3 usiku

Watoto walipolala nilifungua kaunta buku. Kwa kijana wa takwimu nilijaza safu ya kilichotoka. Kwa mzee wa Kariakoo nilijaza pande zote mbili, kisha nikahamia kwenye karatasi ya bei. Niliandika shilingi 50,000 kwa kila zabuni. Mume wangu, aliyekuwa akisahihisha madaftari upande wa pili wa meza, aliomba aione.

"Hiyo kazi inakuchukua muda gani?"

"Siku mbili, nikiisoma vizuri."

"Na yeye akiikosa zabuni anapoteza kiasi gani?"

Nilikumbuka thamani iliyokuwa juu ya kabrasha la kwanza. Nikafuta, nikaandika 200,000, na chini yake nikaorodhesha nitakachokagua na siku nitakayomkabidhi majibu. Nilipitia tahajia mara mbili na kumtumia ikiwa saa 3 na dakika 40. Alama mbili za buluu zilitokea papo hapo, kisha ikaonekana kwamba anaandika.

"Sawa mama. Ipo moja inafungwa Ijumaa. Njoo kesho saa 4."