Komeo la juu na mbuzi ya nazi: nilivyojifunza kuandika hadithi za kutisha

Hadithi yangu ya kwanza ya kutisha ilikuwa na maiti kumi na moja. Niliiandika kwa miezi minne, usiku baada ya kazi. Mlikuwa na jini mwenye macho ya moto, makaburi yanayofunguka yenyewe, na damu kila ukurasa. Nilipoimaliza nikampa dada yangu aisome. Ndiye msomaji wangu wa kwanza tangu tukiwa wadogo huko Tanga, na hajawahi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaisoma jioni nzima, akanirudishia, akasema: "Umeandika vizuri, mdogo wangu. Ila haitishi." Kisha akaingia chumbani kwake akazima taa.

Ile taa iliniuma kuliko maneno. Mtu aliyetishika hazimi taa upesi namna ile.

Sikuandika kitu kwa wiki kadhaa. Nilikaa nikijiuliza mimi mwenyewe niliwahi kutishwa na nini, nikatishika kweli, mpaka nikaogopa kwenda msalani peke yangu. Nikaorodhesha vitabu na filamu, nikaanza kuvirudia kimoja kimoja, daftari pembeni. Safari hii sikutafuta burudani. Nilitaka kujua kila kimoja kinanipatia wapi.

Nilianza na kifupi kuliko vyote. Mwaka 1902 Mwingereza W. W. Jacobs alitoa hadithi ya kurasa chache iitwayo The Monkey's Paw. Mzee White na mkewe wanaletewa mkono mkavu wa kima kutoka India, nao hutimiza maombi matatu. Mzee anaomba pauni 200. Kesho yake mwanawe ananaswa na mashine kiwandani, anakufa, na kampuni inaleta mkono wa pole: pauni 200. Siku kadhaa baada ya mazishi, mama anamlazimisha mumewe aombe mtoto arudi. Usiku mlango unabishwa.

Nilinakili sehemu hiyo yote kwa mkono, neno kwa neno, mara tatu. Mama anakimbilia mlangoni. Mnyororo anautoa, komeo la chini analifungua, la juu halifikii. Anavuta kiti. Mzee yuko gizani kwa magoti, anapapasa sakafu akiutafuta ule mkono, kwa sababu anajua mwanawe alivyosagwa na mashine na hataki mkewe amwone. Anasikia kiti kikiburuzwa, anasikia komeo likilegea. Anaupata mkono, anaomba ombi la tatu. Mlango unafunguka na nje hakuna mtu, ni taa ya barabarani tu.

Kwenye daftari nikaandika: mtoto hajaonekana hata mara moja. Hana sura wala sauti, na hakuna damu hata tone. Kitu pekee ninachokiona vizuri ni komeo la juu ambalo mwanamke mfupi halifikii. Na kinachoumiza ni kwamba wote wawili wanampenda yule mtoto. Mmoja anataka mlango ufunguliwe kwa sababu hiyo, na mwingine anataka usifunguliwe kwa sababu hiyo hiyo. Mimi katika maiti zangu kumi na moja sikuwa na hata mmoja aliyependwa na mtu.

Baada ya hapo nikaingia kwenye filamu. Nyingi niliziona utotoni kwenye kibanda umiza cha mtaa wetu, watoto tumebanana kwenye mabenchi, Kiingereza hatukijui, tunafuata picha na mlio. Nadhani ndiyo maana mpaka leo naamini hofu inaingilia masikioni kabla ya machoni. Nikafanya jaribio: niliitazama Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, pale mwanamke anapouawa bafuni, nikiwa nimezima sauti. Tukio lenyewe ni kama sekunde 45, lakini kulipiga picha kulichukua wiki nzima. Bila sauti nilichokiona ni ustadi: kisu, pazia, maji, mkono. Nikarudisha sauti, nikasimama kwenye kiti bila kujua. Mtunzi wa muziki, Bernard Herrmann, alitumia ala za nyuzi peke yake, fidla zinapiga kelele kama ndege anayechinjwa. Hitchcock mwanzoni alitaka tukio lile lisiwe na muziki kabisa, ila alipousikia akakubali. Sisi wa pwani fidla tumeizoea kwenye taarabu, inabembeleza, inalia kwa mapenzi. Kusikia chombo kile kile kikigeuka namna ile ni sawa na kumsikia mama yako akikuita kwa sauti isiyo yake.

Jaws ya Steven Spielberg, 1975, filamu ya samaki papa anayekula watu, ilinifunza kitu kingine, na chenyewe kilitokana na shida. Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi. Wakalazimika kupiga picha bila papa: mapipa ya manjano yanayovutwa juu ya maji, gati linalong'oka na kuburuzwa, muziki wa noti mbili. Saa nzima inapita na zaidi kabla hujamwona sawasawa. Nimekulia karibu na bahari, na nilipoitazama upya nikagundua kwamba nilichokuwa nikikiogopa muda wote ni maji yaliyotulia.

Zipo nyingine nilizozipitia haraka. Ile ya mtoto aliyepagawa, The Exorcist ya 1973, watu wengi huikumbuka kwa kichwa kinachogeuka mpaka nyuma. Mimi siwezi kutazama ile sehemu ya hospitali, pale anapochomwa sindano ya shingo na damu inaruka, chumba cheupe, madaktari watulivu. Na Night of the Living Dead ya George Romero, 1968, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo mno huko Pennsylvania, damu yenyewe ni sharubati ya chokoleti kwa kuwa filamu haina rangi. Ben, kijana mweusi aliyepigana usiku kucha na wafu wanaotembea, anabaki hai peke yake. Kunakucha. Watu wenye bunduki waliokuja kuokoa wanamwona dirishani, wanampiga risasi. Nilizima nikakaa gizani muda mrefu. Usiku alishaumaliza, jamani.

Kwenye Dracula ya Bram Stoker, kitabu cha 1897, ukurasa nilioukunja kona ni wa kunyoa ndevu. Jonathan Harker ni mgeni kwenye ngome, ametundika kioo chake kidogo dirishani ananyoa. Ghafla mkono unamgusa begani na mwenyeji wake anamsalimia. Kioo kinaonyesha chumba chote nyuma yake, na hakuna mtu. Anajikata kidogo kwa mshtuko. Hilo tu. Kioo, wembe, salamu ya asubuhi. Stoker ameandika kitabu kizima kwa shajara na barua, kwa hiyo unamsikia mtu akijaribu kujieleza kwa utaratibu jambo lisiloelezeka, na ule utaratibu wake ndio unaokutia baridi.

Wajapani nao walinikamata kwa televisheni. Katika Ringu ya Hideo Nakata, 1998, mwanamke mwenye nywele zilizofunika uso anatoka kwenye kioo cha televisheni na kutambaa sebuleni. Mwendo wake ulinisumbua kwa miaka, sikujua kwa nini. Baadaye nikasoma kwamba mwigizaji alitembea kinyumenyume na picha ikachezwa kwa kurudishwa nyuma. Macho yanajua kwamba kuna kitu hakiko sawa kabla akili haijajua ni kitu gani.

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi.

Bibi alikuwa akitusimulia huku anachambua mchele kwenye ungo. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya dereva anayesimamishwa usiku na mwanamke mzuri, amejifunga vizuri, ananukia udi. Wanakwenda. Bibi hakuwa na haraka: alitueleza gari lilivyonguruma, udi ulivyozidi, jinsi mwanamke alivyojibu kwa upole kila alipoulizwa kwao ni wapi. Mbele kidogo dereva anaangusha kiberiti. Anainama kukiokota. Anatazama miguu ya abiria wake.

Bibi ananyamaza, anaokota chuya, anaitupa. Sisi tunapumua kwa shida: "Kisha, Bibi?" Naye anasema, "Kisha nini? Hebu niletee ile sufuria." Neno kwato hakulitamka kamwe. Wengine mtaani walisimulia hadithi hiyo hiyo na kwato za punda wakazitaja, tukacheka. Kwa bibi hakuna aliyecheka. Nilizunguka Uingereza, Marekani na Japani kutafuta elimu iliyokuwa jikoni kwetu.

Nikavirudia na vya kwetu. Filamu za Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, nilizitazama tena nikiwa na heshima mpya, kwa sababu zilithubutu kuleta mizimu na majini yetu kwenye kioo, na kwa lugha yetu. Nikamsoma upya Muhammed Said Abdulla. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, inaanza na hofu ya mahali penye mzimu, na mpaka leo naona hakuna aliyeupita ukimya wake. Lakini Bwana Msa, mpelelezi wake mwenye kiko, haamini mizimu. Mwisho anapatikana binadamu mwenye hila, na hofu inaondoka. Napenda akili ile. Kwangu mimi, hata hivyo, niliamua sitaeleza.

Shangazi yangu aliyeolewa Pemba alinipa kipande cha mwisho. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa, kiumbe kinachosemekana kuvamia watu usiku majumbani, ilipoenea Pemba na Unguja, watu walilala nje kwa makundi, moto katikati. Nilimuuliza anakumbuka nini. Nilitarajia mabawa, jicho moja, kivuli. Akafikiri, akasema: "Bati, mwanangu. Upepo ukipita, bati la nyumba yetu likilia, na nyumba haina mtu."

Nikakaa kuandika upya. Niliwazika wale kumi na mmoja wote pamoja na jini wao, nikabaki na nyumba moja, bibi aliyefariki siku arobaini zilizopita, na mjukuu anayelala chumba cha pili. Nilitafuta mlio wetu, utakaofanya kazi ya zile fidla, na nikaupata kwenye mbuzi ya nazi. Kila mtu wa pwani anaujua: kwaru, kwaru, kimya kifuu kinapozungushwa, kwaru. Ni mlio wa mapenzi, unajua tui liko njiani na leo kuna wali wa nazi. Niliuweka saa nane usiku, jikoni, mlango umefungwa kwa ndani.

Rasimu ya kwanza niliandika mjukuu anaingia na kumkuta bibi amekaa, sanda imelowa tui. Niliipenda sana sentensi ile. Nikaifuta. Ya pili alikuta kifuu kitupu na machicha sakafuni. Nikafuta. Ya tatu na ya nne nilikwama mlangoni. Ya tano nikampa huyu mjukuu mapenzi kwanza: nilieleza bibi alivyokuwa akimkunia nazi kidogo pembeni ale na sukari, mama yake asione. Halafu usiku ule anausikia mlio, anajua ni nani, na anatamani kwenda. Mkono uko kwenye komeo. Mlio unakoma, kama vile aliye ndani naye amemsikia. Asubuhi jikoni pako kama palivyoachwa, ila meno ya mbuzi yana unyevu mweupe, na anaugusa kwa kidole. Nikaishia hapo. Sikusema kama aliulamba.

Kurasa tisa. Dada alikuja kulala kwangu mwisho wa wiki nikampa. Alisoma barazani mpaka magharibi, akaingia ndani akamalizia karibu na taa. Sikumuuliza kitu. Aliweka karatasi mezani, akaongea habari za watoto, za kodi ya nyumba, akaenda kulala. Taa ya korido ilibaki inawaka.

Nilipoamka alfajiri nikaenda jikoni kubandika chai. Mbuzi ya nazi haikuwa mahali pake. Niliikuta nje, nyuma ya pipa la maji, imelazwa kifudifudi, meno yamefunikwa na kitambaa.