Nilivyoimaliza albamu ya nyimbo nne

Tales from Topographic Oceans ya Yes, kundi la roki la Uingereza, ilitoka Desemba 1973 ikiwa santuri mbili. Nyimbo ni nne tu, kila upande wimbo mmoja, na zote pamoja zinapita dakika 80. Kwa muda mrefu nilikuwa naianza na kuiacha njiani.

Urefu wenyewe haukunitisha. Nimelelewa Kisumu, kwenye benga, na singo za benga zilikatwa sehemu mbili: ya kwanza upande huu, ya pili ukigeuza santuri, maana magitaa yakishachangamka hakuna anayetaka yanyamaze. Kilichonishinda ni kukosa pa kushika. Yes wanabadilisha mapigo, wanaacha sauti moja wanaingia nyingine, kisha dakika kumi baadaye ile ya kwanza inarudi imevaa nguo mpya.

Nilipoacha kuisikiliza kwa mkupuo mmoja, mambo yakabadilika. Albamu hii ilitengenezwa enzi ambapo baada ya dakika kama 20 ulilazimika kuinuka ukageuze santuri. Simu haikupi pumziko hilo. Basi nikajiwekea sheria: upande mmoja kwa jioni, nikitoka kazini, nikitembea kuelekea ufukwe wa Dunga. Wimbo ukiisha, nazima.

La pili, nilimfuata mpiga besi. Mtu wa benga anajua besi ndiyo inayokushika mkono, na besi ya Chris Squire ina makali, haijifichi nyuma ya gita. Nikawaacha wengine wapite, nikaenda naye yeye. Upande wa kwanza ukafunguka hivyo.

Kujua chanzo chake pia kulinifaa. Mwimbaji Jon Anderson alikuwa Tokyo mwaka 1973 aliposoma tanbihi katika kitabu cha Yogananda, mwalimu wa yoga kutoka India, kuhusu aina nne za maandiko ya Kihindu. Yeye na mpiga gita Steve Howe wakajenga pande nne juu ya hizo nne. Ndiyo maana kila upande unasimama peke yake, na si lazima ukumbuke wa jana.

Upande wa pili bado naona umevutwa kupita kiasi. Mpiga kinanda wao, Rick Wakeman, alilalamika kwamba albamu ilijazwa ili itoshe santuri mbili, akajitoa kundini mwaka 1974. Hapo namuunga mkono. Wa tatu ni mgumu, vurugu tupu, lakini vumilia: mwishoni Howe anabaki na gita la nyuzi laini, na uzuri wake si wa kawaida.

Wa nne ndio ulionikamata. Ritual, dakika 21 na ushee. Squire anapewa nafasi ya kupiga peke yake, na besi inaimba kweli. Kisha zinaingia ngoma za Alan White, ambaye hii ilikuwa albamu yake ya kwanza studioni na Yes. Jukwaani, Squire na Anderson nao walishika vijiti wakapiga naye. Ngoma zinagongana, zinapanda, unadhani wimbo umevunjika, halafu kinanda kinaleta sauti ya upole na Anderson anaimba habari za kurudi nyumbani. Mara ya kwanza kufika hapo nilisimama kando ya barabara nikaurudia.

Binamu yangu wa Kakamega aliponiuliza aanzie wapi, nilimwambia aanze na huo wa nne, kisha arudi wa kwanza. Wa pili ataupitia akitaka.