Mdundo Ukiharakishwa Huwa Noti

Saketi ya kwanza niliyoiunda kwa mikono yangu ikatoa sauti ilienea kwenye kiganja: chipu ya 555 (chipu ndogo ya kupangia muda), rezista mbili (vipande vinavyozuia mkondo wa umeme), kapasita moja (kipande kinachohifadhi umeme) ya kupangia kasi na nyingine ya kupeleka sauti kwenye spika ndogo ya ohmi 8, pamoja na betri ya volti 9. Niliipanga kwenye ile bodi ya majaribio yenye matundu, ambayo haihitaji kulehemu, na nilipounganisha betri ukatoka mlio mkali usiokatika. Nilifurahi sana, lakini kilichonifanya niipende kazi hii hadi leo ni kile kilichotokea nilipobadilisha kapasita.

Chipu hii, iliyobuniwa na Hans Camenzind mwaka 1971 na kuanza kuuzwa na kampuni ya Signetics mwaka 1972, hufanya kazi kwa kuchungulia volti zilizomo ndani ya kapasita. Zikipanda hadi theluthi mbili ya volti za betri, huifungulia kapasita njia ya kujimwaga. Zikishuka hadi theluthi moja, huifunga njia hiyo ili kapasita ijae upya. Kwa betri ya volti 9, kapasita hupanda na kushuka kati ya volti 3 na volti 6 bila kuchoka, na kila safari ya kwenda na kurudi huisukuma karatasi ya spika mara moja. Idadi ya safari kwa sekunde hupatikana kwa kugawanya 1.44 kwa zao la kapasita na jumla ya rezista ya kwanza na mara mbili ya rezista ya pili (kapasita ikiwa kwa faradi, rezista kwa ohmi).

Mimi nilikuwa na rezista ya ohmi 1,000, nyingine ya ohmi 10,000, na kapasita ya mikrofaradi 0.1 (mikrofaradi ni sehemu moja ya milioni ya faradi, kipimo cha kapasita), ambazo kwa hesabu hiyo hutoa mitetemo takriban 686 kwa sekunde, yaani sauti nyembamba inayochoma sikio. Nilipoweka kapasita ya mikrofaradi 1, sauti ilishuka ikawa mngurumo mzito wa mitetemo kama 69. Nilipoweka ya mikrofaradi 10, noti ilitoweka kabisa. Spika ikawa inagonga, tok, tok, tok, karibu mara saba kwa sekunde, na nilipoigusa karatasi yake kwa ncha ya kidole niliuhisi kila mdundo peke yake. Hapakuwa na kitu kipya ndani ya saketi. Ni kitendo kilekile, ila kilipungua kasi hadi sikio likaacha kusikia noti na kuanza kuhesabu midundo.

Ili kuuvuka mpaka huo taratibu, nilirudisha kapasita ya mikrofaradi 1, kisha badala ya rezista ya pili nikaweka kitasa cha kuzungusha (rezista ambayo thamani yake hubadilika unapoizungusha) cha ohmi 100,000 kikifuatana na rezista ya ohmi 1,000. Saketi hiyo huanza na midundo saba kwa sekunde na kufika mitetemo 480, sawa na oktavu kama sita (kila oktavu ni mitetemo kuongezeka maradufu). Kasoro yake hujitokeza mara tu unapotaka kupiga wimbo: nusu ya kwanza ya mzunguko wa kitasa hukutoa kwenye 7 na kukufikisha 14 tu, ilhali oktavu tano zilizobaki zimebanana katika nusu ya pili, hata kutetemeka kwa mkono kukatosha kukupotezea noti. Kwa maoni yangu, ni afadhali kutumia kitasa cha thamani ndogo na rezista kubwa zaidi pembeni yake, ukakubali eneo dogo la noti unazoweza kuzifikia kwa uhakika.

(Kapasita za mikrofaradi 1 na kuendelea mara nyingi zina upande chanya na upande hasi. Niliwahi kuigeuza moja, ikapata moto na kuvimba. Tangu siku hiyo huutazama mstari wa upande hasi kabla ya kuunganisha betri.)

Ukishaizoea chipu moja, ongeza ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Forrest Mims, mwandishi wa vitabu vya elektroniki wa Marekani, alichapisha saketi ambayo siku hizi hujulikana kama Atari Punk Console. Ndani yake chipu ya kwanza hutoa mitetemo kama ile niliyoieleza, na ya pili hujibu kila inapoamshwa kwa kutoa pigo moja la urefu uliowekwa na kitasa chake. Likiwa pigo hilo halijaisha, miito mingine haisikilizwi. Kwa hiyo, kadiri unavyolirefusha pigo, chipu ya pili huruka mwito mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, na sauti hushuka kwa ngazi badala ya kuteleza. Chipu ya kwanza ikiwa kwenye 600, ngazi zinazofuata ni 300, 200, 150 na 120. Mwimbaji wa kwaya atazitambua papo hapo: kutoka 600 hadi 300 ni oktavu, kati ya 300 na 200 ni umbali wa do na so, kati ya 200 na 150 ni wa do na fa, na kati ya 150 na 120 ni wa do na mi.