Umeya wa Nablus, kiti cha moto

Hapa Tanga meya anachaguliwa na madiwani wenzake, siku ya baraza anavaa joho na mkufu, halafu basi, ndo maana vijana wa Ngamiani ukiwauliza jina la mstahiki wengi wanakutolea macho tu. Nablus, mji wa Wapalestina kule Ukingo wa Magharibi, mambo mengine kabisa.

Zamani umeya kule ulikuwa wa familia kubwa kubwa, kina Tuqan, kina Masri, kina Shakaa. Suleiman Tuqan peke yake alikalia kiti toka 1925 mpaka 1951, Waingereza wakaondoka, Jordan ikaingia, yeye yupo! Sasa Israel ilipoteka Ukingo wa Magharibi 1967, watu hawakuwa na rais wala bunge lao, meya ndo akabaki msemaji wao, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Aprili 1976 Israel ikaruhusu uchaguzi, wanawake nao wakapiga kura kwa mara ya kwanza, nadhani wakubwa walitegemea watarudi wazee wapole, kumbe wananchi wakawapa wafuasi wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, miji karibu yote. Nablus akashinda Bassam Shakaa. 1979 Israel ikamkamata imfukuze nchini, mameya wenzake wakajiuzulu kwa pamoja, ikabidi aachiwe na akarudi ofisini. Haukupita mwaka, tarehe 2 Juni 1980 anawasha gari bomu likalipuka, miguu yote miwili ikaenda, na siku hiyohiyo Karim Khalaf, meya wa Ramallah, naye akalipuliwa mguu. Waliotega ni kundi la siri la walowezi wa Kiyahudi. Shakaa hakunyamaza, na 1982 Israel ikamtoa madarakani, yeye akaishi mpaka 2019.

Ila mimi anayeniuma zaidi ni Zafer al-Masri. Mfanyabiashara, mtu wa kutaka maji na umeme viende, mwisho wa 1985 akakubali kuteuliwa na Israel ili mji utoke mikononi mwa maofisa wa jeshi. Machi 1986 akapigwa risasi akiwa anaenda kazini, na waliomuua ni Wapalestina wenzake wa kundi la silaha la PFLP, eti msaliti. Usaliti gani huo jamani? Maelfu walijaa mazishini, na waliokuwa wanasubiri kuteuliwa miji mingine wakaondoa majina yao haraka.

Uchaguzi ulikuja kurudi mwisho wa 2005, akashinda Adly Yaish kwa tiketi ya Hamas, na Mei 2007 wanajeshi wa Israel wakamchukua.